Timu imeshuka daraja na mashabiki wamegawanyika: tuanzie wapi?

Swali limetoka kwa mama mzaliwa wa Tanga anayeishi mji mdogo wa Lancashire, kaskazini mwa Uingereza. Kwa ufupi anasema hivi: timu ya mji wao ilishuka daraja mwezi Aprili kutoka National League North. Yeye huuza chai kibandani siku za mechi, kwa kujitolea, tangu mwanawe alipoanza kuchezea timu ya watoto ya klabu hiyo. Sasa mashabiki wamegawanyika. Kundi moja linataka watu wasusie uwanja mpaka mwenyekiti ang'oke, kwa kuwa alimfukuza kocha Januari na kumwajiri mwingine asiyefaa. Jingine linataka kuchanga fedha upesi, wasajiliwe wachezaji wazuri, timu irudi juu mwakani. Mikutano inaishia kwa kelele, na wapiga ngoma wa nyuma ya goli wameshasema hawarudi. "Baba yangu alikuwa mtu wa Coastal Union," anaandika, "najua mji unavyonuna timu ikishuka. Lakini huku sijui turudishe moyo wa watu kwa njia gani. Na mimi mgeni, nina haki ya kusema au nibaki na birika langu?"

Dada yangu, makundi yenu yote mawili yanakosea mahali pamoja. Yote yanangoja mtu mwingine: la kwanza linangoja mwenyekiti aondoke, la pili linangoja mshambuliaji aje. Nimekaa na vikundi vya mashabiki wa timu ndogo kwa miaka, na nilichokiona ni kwamba watu hurudi uwanjani kwa sababu mbili zisizo na mbwembwe: wana kazi wanayoifanya pale, na wanajua ukweli wa hali ya klabu yao. Ukiwapa hivyo viwili, kipigo cha Jumamosi kitawauma kama kawaida, lakini Jumamosi inayofuata utawaona tena. Ukiwanyima, hata ushindi wa mabao matano hauwashiki zaidi ya wiki.

Kwanza tuelewane mmeshuka wapi, maana kwenye mikutano yenye hasira watu hupiga hesabu za ndoto. Mmetoka ngazi ya sita ya soka la Uingereza kwenda ya saba, Northern Premier League, ligi iliyoanzishwa 1968. Kule juu mlikuwa timu 24, huku mko 22. Maana yake mechi za nyumbani zimepungua kutoka 23 hadi 21, na mapato ya mlangoni ya siku mbili yameshapotea kabla refa hajapuliza filimbi. Wanaopanda ni wawili tu, bingwa na mshindi wa mchujo. Wanaoshuka ni wanne. Anayewaahidi "mwakani tunarudi" awaambie pia kwamba kuna timu nyingine 21 zinazogombea nafasi hizo mbili. Stockport County, klabu kubwa yenye mashabiki wengi kuliko nyingi za ngazi hizo, ilitolewa Football League, yaani ngazi ya pili hadi ya nne, 2011, ikashuka tena 2013, na ikakaa ngazi ya sita misimu sita kabla ya kupanda 2019.

Wachezaji wazuri mtawapoteza baadhi. Ngazi hii wengi hawana mkataba, na klabu inayomtaka mchezaji asiye na mkataba inachotakiwa kufanya ni kuwapa ninyi taarifa ya siku saba kabla ya kuzungumza naye. Wana kazi nyingine za mchana, wanacheza kwa posho. Msiwazomee. Wengine hurudi.

Sasa twende Exeter, kusini magharibi mwa Uingereza, kwa sababu ndiko ningetaka makundi yenu yote mawili yatazame. Mei 2003 Exeter City walishinda mechi yao ya mwisho ya msimu, 1-0 dhidi ya Southend, na bado wakashuka kwa kuwa Swansea, waliokuwa wakigombania nao kubaki, walishinda pia siku hiyo hiyo. Ulikuwa msimu wa kwanza ambapo timu mbili, badala ya moja, zilitolewa kwenye Football League, na Exeter walikuwa wa pili kutoka chini. Walikuwa humo tangu 1920. Lakini kushuka kulikuwa nusu tu ya balaa. Klabu ilikuwa na madeni ya mamilioni ya pauni, na viongozi wake wawili baadaye walitiwa hatiani mahakamani kwa mambo ya fedha.

Walioingia ofisini ni chama cha mashabiki, Exeter City Supporters' Trust. Watu waliozoea kununua tiketi wakajikuta wanapokea simu za wadai. Kazi nyingi za klabu zikafanywa na watu wa kujitolea. Wakanunua hisa nyingi za klabu, wakakaa na wadai wakafikia makubaliano ya kulipa sehemu ya deni. Yote hayo yalifanyika timu ikiwa ngazi ya tano, bila dalili ya kupanda.

Januari 2005 droo ya Kombe la FA ikawapeleka Old Trafford. Wakatoka 0-0 na Manchester United mbele ya watu zaidi ya 67,000, wakapata mechi ya marudiano nyumbani kwao, wakafungwa 2-0, na sehemu yao ya mapato ya mechi hizo ndiyo iliyowatoa kwenye madeni. Watu husimulia habari hii kama muujiza. Droo ni bahati, sikatai. Ila klabu ambayo ingekuwa imefungwa 2003 isingekuwemo kwenye chungu cha droo ya 2005, na klabu ambayo ingekuwa bado mikononi mwa watu wale wale ingeziona fedha hizo zikipita dirishani. Uwanjani walisubiri zaidi: 2007 walifungwa na Morecambe 2-1 katika fainali ya mchujo Wembley, 2008 wakarudi pale pale wakaifunga Cambridge United 1-0 na kupanda. Misimu mitano. Hadi leo chama cha mashabiki ndicho chenye hisa nyingi.

Angalia mpangilio wao. Umiliki na hesabu kwanza, madeni yakafuata, uwanjani mwisho. Kundi lenu la pili linataka kuanzia mwisho.

Kuhusu kususia. Sina tatizo na kususia kwenyewe. Mashabiki wa Uingereza wametumia silaha hiyo kwa haki mara kadhaa. Mei 2002 tume iliyoundwa na FA, chama cha soka cha huko, iliporuhusu Wimbledon FC ihamie Milton Keynes, umbali wa zaidi ya kilomita 80, mashabiki wengi waliacha kwenda uwanjani na ndani ya wiki chache wakaunda AFC Wimbledon, wakafanya majaribio ya wachezaji kwenye uwanja wa wazi wa Wimbledon Common. Mashariki mwa London mashabiki wa Clapton FC walisusia mechi za nyumbani wakiupinga uongozi, na 2018 wakaanzisha klabu yao, Clapton CFC, ambayo 2020 ilinunua Old Spotted Dog, uwanja wa kihistoria wa mtaa ule. Lakini tazama walichokuwa wanakigombea: klabu kuhamishwa, uwanja kupotea. Hapo hata mimi ningesusia.

Mwenyekiti wenu, kwa maelezo yako, kosa lake ni kumfukuza kocha Januari na kumwajiri mwingine asiyefaa. Hilo ni kosa la mpira. Mkisusia kwa hilo, atakayeumia wa kwanza ni mtunza uwanja na akina mama wa kibandani, na mwenyekiti mwenye fedha zake atakaa nyumbani akisubiri mchoke. Kwa hiyo ushauri wangu kwa kundi la kwanza ni huu: kabla ya kususia, chunguzeni kama kuna sababu ya kususia. Kuchunguza hakuhitaji ruhusa ya mtu. Klabu nyingi za Uingereza zimesajiliwa kama kampuni, na hesabu zao ziko wazi kwa yeyote, bila malipo, kwa msajili wa makampuni, Companies House. Unaandika jina la klabu kwenye tovuti yao, unasoma. Tazameni mambo matatu: je, hesabu zimechelewa kuwasilishwa? Klabu inadaiwa na wakurugenzi wake kiasi gani? Kuna rehani iliyosajiliwa juu ya mali zake? Kisha nendeni kwa ofisi ya ardhi, HM Land Registry, ambako kwa ada ya pauni chache mtajua uwanja uko kwa jina la nani. Nimeona vikundi vilivyogombana mwaka mzima juu ya mwenyekiti huku uwanja umeshahamishiwa kampuni nyingine, na hakuna aliyekuwa amelipa hizo pauni chache kutazama.

Mkikuta kila kitu kiko sawa, mwiteni mwenyekiti kwenye mkutano mmoja, mwenye maswali yaliyoandikwa na mtu mmoja wa kuyasoma. Aeleze kushuka kumegharimu kiasi gani na bajeti ya msimu huu ikoje. Wengi wa wenyeviti hawa ni watu waliozama kwenye klabu kwa fedha zao na wanaogopa kusema kwamba zimeisha. Mkikuta hali si sawa, hapo mna hoja, na kundi la pili litawafuata lenyewe.

Hakuna mkubwa atakayekuja kuwakagulia. Sheria mpya ya usimamizi wa soka ya 2025 imeunda msimamizi huru wa klabu, lakini mamlaka yake yanaishia madaraja matano ya juu. Ninyi mlikuwa nje yake mkiwa ngazi ya sita, na sasa mko nje zaidi. Mkaguzi wenu ni ninyi.

Haya, kundi la wachangaji. Watakutajia Grimsby Town, na wana haki. Mei 2015 Grimsby walipoteza fainali ya mchujo Wembley kwa penalti dhidi ya Bristol Rovers, na kabla machozi hayajakauka mashabiki wakaanzisha mchango walioupa jina Operation Promotion. Walikusanya zaidi ya pauni laki moja, zikaenda kwenye bajeti ya wachezaji, na mwaka uliofuata wakapanda kwa kuifunga Forest Green 3-1. Ila Grimsby walikuwa penalti chache tu kutoka kupanda, na wanakusanya maelfu ya watu kila mechi. Ninyi mmemaliza ndani ya nne za mwisho. Fedha za mashabiki zikiingia kwenye mshahara wa mchezaji zinaliwa wiki kwa wiki, na ikifika Mei hakuna mnachoweza kukigusa mkasema hiki ni chetu. Mkichanga kiasi kile kile kwa ajili ya taa za uwanja, paa la jukwaa au pampu ya kumwagilia nyasi, kitabaki hata mkishuka tena.

Na kuna sababu ya kikanuni. Kila ngazi ina masharti ya uwanja: viti, paa, vyoo, vyumba vya waamuzi, milango. Darlington, klabu iliyookolewa na mashabiki 2012 baada ya kuporomoka, ilianza upya ngazi nne chini na kupanda mara tatu upesi. Msimu wa 2016-17 ikamaliza nafasi ya mchujo kwenye National League North, ligi hiyo hiyo mliyotoka ninyi, na ikazuiwa kucheza kwa sababu viti vya uwanja wake havikutosha. Fikiria wachezaji wamefanya kazi yao yote ya miezi tisa. Inauma zaidi ukijua kwamba Darlington ile ile ya zamani iliwahi kujengewa na mmiliki wake uwanja wa viti 25,000, uliofunguliwa 2003, ambao kwa kawaida timu haikuweza hata kuujaza robo. Kwa hiyo kabla ya kuchanga senti moja, ombeni ripoti ya mwisho ya ukaguzi wa uwanja wenu. Humo ndani kuna orodha ya kazi za mwaka mzima kwa mafundi seremala, mafundi umeme na wapaka rangi wote mlionao. Fundi umeme aliyesimama nyuma ya goli kwa miaka ishirini hajawahi kuombwa chochote isipokuwa kiingilio.

Uwanja nao uwekeeni kinga. Sheria ya 2011 ya Uingereza iitwayo Localism Act inaruhusu watu wa mji kuomba halmashauri iandikishe jengo au kiwanja kuwa mali yenye thamani kwa jamii. Hata kikundi kisichosajiliwa kinaweza kuomba, mradi kina watu wasiopungua 21 wa eneo hilo. Uandikishaji hudumu miaka mitano, na mwenye mali akitaka kuuza, jamii inaweza kusimamisha mauzo kwa miezi sita ili itafute fedha za kununua. Haimlazimishi awauzie ninyi, nisiwadanganye. Lakini miezi sita ni mingi, na fomu yenyewe ni kazi ya jioni mbili. Ikiwa makundi yenu hayawezi kukaa chumba kimoja kwa jambo lingine lolote, yakae kwa hili. Sijaona mtu wa kususia wala wa kuchanga anayepinga uwanja kulindwa, na majina 21 yakishakuwa kwenye karatasi moja, sauti ya mkutano unaofuata hushuka.

Sasa siku ya mechi. Hapa nina furaha kidogo ya kukupa, kwa sababu ngazi ya saba ina vitu ambavyo watu wa Ligi Kuu wameshavipoteza. Hakuna uzio wa kutenga mashabiki. Kipindi cha kwanza unasimama nyuma ya goli mnaloshambulia, mapumziko mnahama wote kwenda goli la pili, mnapishana na wageni njiani mnataniana. Mtoto anaongea na kipa. Bia unaweza kuinywa ukitazama mpira, jambo ambalo sheria inalikataza kwenye ligi za juu. Asiyekunywa, kama wewe na mimi, ana chai yake.

Dulwich Hamlet wa kusini mwa London wamejenga klabu nzima juu ya mambo haya. Skafu zao za waridi na bluu zinajulikana, uwanja wao umejaa watu waliochoshwa na bei za timu kubwa, na wamejitangaza wazi kuwa mahali pasipo ubaguzi. Machi 2018 walifungiwa nje ya uwanja wao wa Champion Hill katika ugomvi na kampuni ya ujenzi, wakahamia uwanja wa jirani zao Tooting & Mitcham, na msimu ule ule wakapanda daraja. Desemba wakarudi nyumbani. Waliposhuka 2023, umati haukutawanyika, kwa kuwa wengi wao hawakuwa wamekuja kwa ajili ya daraja.

FC United of Manchester, klabu iliyoanzishwa 2005 na mashabiki waliokataa familia ya Glazer kununua Manchester United, waliwahi kuuza tiketi za msimu kwa bei ya hiari juu ya kiwango cha chini kilichowekwa. Wenye nacho wakatoa zaidi, asiye nacho akaingia. Ninapenda wazo hilo kwa mji kama wenu. Ninapenda zaidi kiingilio cha bure kwa watoto walio na mtu mzima, maana mtoto akizoea, mzazi hana ujanja. Na msiiache siku ya Non-League Day, iliyoanza 2010, ambapo klabu ndogo hutumia Jumamosi ambayo ligi kubwa zimesimama kupisha timu za taifa. Watu wa mji wenu wanaoshabikia Manchester na Liverpool kwenye televisheni siku hiyo hawana la kufanya. Wafuateni.

Lewes, mji mdogo wa Sussex, wana habari inayowafaa kuliko zote. Walipanda hadi ngazi ya tano 2008, wakaachana na kocha aliyewapandisha, wakashika mkia na kushuka 2009. Klabu ikawa karibu na kufa kwa madeni. 2010 watu wa mji wakaichukua iwe mali ya jamii, na msimu wa kwanza chini ya mashabiki wakashuka tena! Ungetegemea kila mtu aseme basi, imeshindikana. Hawakusema. Waliendelea kuuza hisa kwa bei ambayo mtu wa kawaida anaiweza, na kando ya uwanja wao, wenye jina la ajabu la Dripping Pan, wakaweka vibanda vya mbao kama vya ufukweni viwe vyumba vyao vya wageni mashuhuri. 2017 wakatangaza kwamba bajeti ya timu ya wanawake na ya wanaume itakuwa sawa, jambo lililowaletea wanahisa kutoka nchi nyingi. Sisemi mwige hilo la mwisho kesho. Nasema waliendelea kujiuliza klabu yao ni ya nani hasa huku timu ya wanaume ikipanda na kushuka. Kama mna timu ya wasichana inayocheza kwenye kiwanja cha shule huku uwanja mkuu umefungwa kwa kufuli Jumapili, anzeni na kufuli hilo.

Swali la umiliki utaulizwa tu, kwa hiyo uwe na jibu. Wewe unalijua kuliko unavyodhani. Kwetu Tanzania klabu kubwa zilikulia mikononi mwa wanachama wenye kadi, wanaolipa ada, wenye matawi na mkutano mkuu. Huko Uingereza klabu nyingi zilikuwa kampuni za watu binafsi tangu zamani, na wazo kwamba shabiki ana kura huwa geni kwa wazee wengi wa jukwaani. Muundo wanaoutumia siku hizi ni aina ya ushirika uliosajiliwa kwa manufaa ya jamii: mwanachama mmoja, kura moja, hata kama ameweka pauni elfu kumi huku jirani yake akiweka pauni kumi na mbili tu. Mnaweza kuusajili leo bila kumiliki hata kona ya klabu, mkaanza na uanachama, akaunti ya benki na kiti kimoja kwenye bodi. Chama cha mashabiki wa taifa, Football Supporters' Association, husaidia vikundi kuandika katiba.

Umiliki wa mashabiki hauondoi ugomvi. FC United wenyewe walipasuka 2016 kwa malalamiko ya viongozi kutosema ukweli kwa wanachama, bodi ikabadilika, na 2019 wakashuka kutoka ligi ile ile mliyoshuka ninyi. Wewe uliyekulia na habari za mikutano mikuu ya klabu za nyumbani hutashangaa. Tofauti ni kwamba ugomvi ulikuwa na mahali pa kupigiwa kura. Wrexham nao, waliomilikiwa na mashabiki wao tangu 2011, walipojiwa na waigizaji wawili wa Hollywood 2020, waliitisha kura na karibu wote wakakubali kuuza. Watu hukumbuka waigizaji na kusahau kwamba kuna mashabiki walioiweka klabu hai miaka tisa ili iwepo ya kuuzwa. Msikae mkisubiri waigizaji.

Umetaja Coastal Union. Basi unakumbuka 2016, Tanga ilipopoteza timu zake zote tatu za Ligi Kuu kwa mpigo mmoja: Coastal, African Sports na Mgambo. Mji uliotoa bingwa wa Tanzania 1988 ukabaki bila hata moja, hadi Coastal iliporudi 2018. Waambie watu wa Lancashire habari hiyo siku moja foleni ikiwa ndefu. Nimegundua kwamba shabiki wa timu ndogo hufarijika sana kusikia kuna mji mwingine uliopata pigo kubwa kuliko lake.

Kuna tarehe moja ya kuweka kwenye kalenda yenu. Kwa ngazi mliyo sasa, Kombe la FA huanza mapema, raundi ya kwanza ya kufuzu, mwanzoni kabisa mwa msimu. Ushindi mara nne unawafikisha raundi ya kwanza halisi, pamoja na timu za League One na League Two, ngazi ya tatu na ya nne, na kila ushindi una zawadi ya fedha ambayo kwa klabu kama yenu ni kubwa. Marine, klabu ya Crosby karibu na Liverpool, walikuwa ngazi ya nane walipofika raundi ya tatu Januari 2021 na kuwakaribisha Tottenham kwenye uwanja wao uliobanwa na bustani za nyumba za watu. Corona ilizuia mashabiki kuingia. Klabu ikauza tiketi za kufikirika kwa pauni kumi, na watu wakanunua zaidi ya 30,000. Walifungwa 5-0. Hakuna aliyejali. Kwa hiyo nguvu yenu ya matangazo, mabango madukani, shule, msikiti na makanisa, ielekezeni zaidi kwenye mechi hiyo ya kombe kuliko mechi ya kwanza ya ligi.

Sasa wewe. Wazee wetu walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na kwenye mzozo kama huu usemi huo una kazi. Huna kambi. Hukuwepo 1990 na kitu, fulani alipomtukana fulani. Kila shabiki wa makundi yote mawili anafika kibandani kwako mara moja kwa mechi na kukwambia anachofikiri bila kuulizwa, na hilo mwenyekiti wenu halipati hata kwa kulipia. Haki ya kusema unayo kwa kazi unayofanya. Kwenye ushirika utakuwa nayo kwa kadi pia, na kura yako itahesabiwa sawasawa na ya aliyezaliwa mtaa wa uwanjani.

Usigombee uenyekiti. Gombea ukatibu wa chama cha mashabiki. Katibu ndiye mwenye daftari la wanachama, anayeandika kilichokubaliwa, anayejua nani amelipa ada na nani amehama mji. Ndiye anayeweza kumpigia simu fundi umeme yule. Fomu kwa kawaida hufungwa kabla ya mkutano mkuu wa mwaka, kwa hiyo ulizia tarehe Jumamosi hii, usingoje msimu uanze. Utahitaji wa kukupendekeza na wa kukuunga mkono. Mchukue mmoja kutoka kila kundi.